Kilindini 1942: Herufi Zilizopanguliwa na Mwanzo wa Filamu

Mtu akitaja historia ya kufumbua maandishi ya siri wakati wa vita, wengi wetu tunakimbilia Bletchley Park kule Uingereza. Je, unajua kwamba kazi hiyohiyo ilifanyika hapahapa Mombasa, tena ndani ya shule? Leo nataka kueleza kisa hicho, halafu tuone namna wanafunzi wanavyoweza kuhariri mwanzo wa filamu fupi inayokihusu. Fumbo na filamu vinakutana mahali pamoja: kwenye mpangilio.

Tuanze na historia. Tarehe 5 Aprili 1942, siku ya Pasaka, ndege za Japani zilishambulia Colombo. Baada ya hapo, meli za kivita za Waingereza zilizokuwa chini ya Admirali James Somerville zikahamishia makao yao Kilindini. Wakaja pia wataalamu wa mafumbo, ambao kabla ya hapo walikuwa wamekwisha kuhama kutoka Singapore. Huku Mombasa wakawekwa katika shule ya Allidina Visram, shule yenye jina la yule mfanyabiashara aliyekuwa na maduka kuanzia pwani hadi Uganda.

Kazi haikuwa rahisi. Mawimbi ya redio za Wajapani yalifika hafifu mno. Lakini mwezi wa Septemba 1942 bahati ikabisha hodi. Karani mmoja wa Kijapani alituma ujumbe akaacha kutaja mahali meli ilipo. Badala ya kuandika ujumbe mpya, akautuma uleule, safari hii akiongeza mahali pale, na akatumia ufunguo uleule. Wewe mwandishi wa programu uliyewahi kulinganisha matoleo mawili ya faili moja unajua maana yake: tofauti ikionekana, siri imevuja. John MacInnes na Brian Townend wakang'amua kwamba fumbo la meli za biashara za Japani, lililoitwa JN-40, halikufichwa kwa kujumlisha tarakimu kama ilivyodhaniwa. Lilikuwa limepanguliwa mpangilio. Kufikia Novemba walikuwa wakilisoma moja kwa moja. Mwaka 1943 wataalamu hao walirudi Colombo.

Kupangua mpangilio ni nini? Chukua neno KILINDINI. Liandike kwa safu tatu, herufi tatu tatu: KIL, IND, INI. Sasa lisome kwa kushuka chini badala ya kwenda mbele. Utapata KIIINNLDI. Hakuna herufi iliyoongezwa wala iliyopotea, lakini maana imetoweka. (Fumbo la Wajapani lilikuwa gumu kuliko hili, ila wazo ni lilo hilo.)

Haya, tuje kwenye filamu. Karibu miaka 20 kabla ya kisa cha Kilindini, mwalimu Lev Kuleshov alikuwa akifundisha wanafunzi wa filamu mjini Moscow. Kanda mpya zilikuwa adimu kwa sababu ya vita, kwa hiyo walijifunza kwa kukata na kuunga upya filamu za watu wengine. Jaribio lake maarufu lilitumia uso wa mwigizaji Ivan Mosjoukine. Uso uleule uliwekwa karibu na bakuli la supu, kisha karibu na jeneza, kisha karibu na mwanamke. Watazamaji wakaona njaa, huzuni na matamanio, ilhali uso haukubadilika hata kidogo!

Wakati ule kukata ni kukata kweli, kwa mkasi na gundi. Leo programu kama Kdenlive, ambayo ni programu huria isiyouzwa, haigusi picha zako za asili. Faili ya mradi inaandika tu: chukua klipu fulani, anzia hapa, ishia pale. Kwa hiyo unaweza kuweka matoleo matatu ya mwanzo mmoja, ukayalinganisha, na diski yako isijae.

Kikundi kimoja cha wanafunzi kilinionyesha dakika ya kwanza ya filamu yao kuhusu kisa hiki. Kulikuwa na vipande sita, kwa mpangilio huu: meli ya kivita, ramani ya Bahari ya Hindi, geti la shule, madawati matupu, mkono unaoandika herufi, na mwisho kivuko cha Likoni siku hizi. Picha nzuri, lakini ukianza na meli umeshamwambia mtazamaji kwamba hii ni hadithi ya wageni waliokuja na mizinga. Mombasa inabaki kuwa gati la kufungia kamba.

Mimi nilipendekeza tupindue. Kianze kivuko cha Likoni, watu wakivuka maji yenyewe ya Kilindini. Jina hili linatokana na kilindi, yaani maji marefu, na Wakilindini ni mmoja wa miji ya Thelatha Taifa. Jina lilikuwepo kabla ya manowari. Watu wakiwa bado wanavuka, sauti ya mdundo wa redio iingie chini kwa chini. Sauti itangulie picha. Ndipo yaje madawati, mkono, geti, ramani, na meli iwe ya mwisho. Vipande ni vilevile sita. Ila sasa mtazamaji anajiuliza: kwa nini darasa la Mombasa lilihusika na meli za Japani? Swali hilo ndilo litakalomfanya aendelee kukaa kitini.

Lakini hapa pana mtego, na ndio sababu hasa ya kuandika makala hii. Mpangilio unaweza kusema uongo bila picha hata moja kuwa ya uongo. Wanafunzi wale walikuwa na picha nzuri ya bibi mmoja wa Mji wa Kale. Ukiiweka baada ya mkono unaoandika, mtazamaji ataamini kwamba bibi huyo alifumbua maandishi ya siri. Vilevile shule inatazama bahari lakini haimo ndani ya bandari. Ukiunga dirisha la darasa na meli moja kwa moja, umeihamisha shule. Katika filamu ya kubuni huo ni ufundi. Katika filamu ya historia ni kumpa mtu maisha asiyoishi.

Kwa hiyo, kijana unayehariri, fanya jaribio hili kabla ya kumaliza. Mwonyeshe mwanzo wako mtu asiyejua kisa, kisha mwulize: umeelewa nani alifanya nini, na wapi? Akikujibu jambo ambalo halikutokea, usimlaumu yeye. Rudi kwenye mpangilio. Mji wetu umesimuliwa na wengine kwa muda mrefu, na hatutaunyoosha kwa kuubandikia ushujaa wa kuazima. Uliopo unatosha, ukiwekwa mahali pake.