Kiini cha paneli ya sola kushindwa kujaza betri

TAA zinapofifia mapema usiku, wenye nyumba wengi wanaotegemea kawi ya jua hukimbilia kununua paneli nyingine, ilhali kasoro iko kwingine. Mtambo wa betri ya volti 12 wafaa kukaguliwa kwanza, kuanzia paani hadi betrini.

Paneli ya wati 100 haitoi wati 100 kutwa nzima. Kipimo hicho hupatikana maabarani, jua likiwa kali na seli zikiwa na joto la nyuzi 25 pekee. Juu ya bati, paneli hupata joto zaidi na nguvu zake hupungua. Ndiposa huinuliwa kidogo ili hewa ipite chini yake.

Adui mkubwa ni kivuli. Kwa kuwa seli zimeunganishwa kwa mfululizo, tawi moja linalofunika seli chache laweza kupunguza umeme wa paneli nzima. Vumbi na kinyesi cha ndege vioshwe kwa maji na kitambaa laini, asubuhi kabla ya kioo kupata moto.

Nyaya nazo hula umeme. Waya wa milimita 1.5 mraba wenye urefu wa mita 10 hupoteza zaidi ya volti 1 ampea 5 zinapopita, kwenda na kurudi. Betri ya asidi huhitaji volti 14.4 hivi ili ijae. Volti hiyo ikipotea kati ya kidhibiti chaji na betri, betri haijai. Waya hapo uwe mnene na mfupi, na viungo visiwe na kutu.

Hata hivyo, ampea chache adhuhuri si kasoro kila mara. Betri inapokaribia kujaa, kidhibiti hupunguza umeme makusudi.

Hatimaye betri yenyewe ipimwe baada ya kupumzika saa kadhaa bila mzigo wala chaji. Iliyojaa husoma takriban volti 12.7, volti 12 huonyesha kuwa imepungua hadi nusu au chini zaidi. Inayojaa upesi asubuhi na kuisha jioni imechakaa, na paneli mpya haitaiponya.

Anayefanya ukaguzi atenganishe paneli kabla ya betri, asiwashe kiberiti karibu, kwani betri hutoa gesi ya haidrojeni inayolipuka, na ajikinge macho dhidi ya asidi.