Sir Nigel Gresley, Kubwa na Dogo

Garimoshi hili la kuchezea, mfano wa injini Sir Nigel Gresley, ni la Hornby Dublo, seti zilizoingia madukani Uingereza mwaka 1938. Halina moto wala maji. Umeme hupanda kutoka reli ya katikati. Lilikuwapo pia la kutia ufunguo, kama saa.

Tazama ubavuni. Mabati haya yanayoficha sehemu ya juu ya magurudumu ndiyo alama ya toleo la kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Injini halisi, namba 4498, ilitoka karakana ya Doncaster mwaka 1937 ikiwa nayo. Vita vilipopamba moto yakavuliwa, mafundi wafikie mitambo bila usumbufu. Hornby iliporejea kazini baada ya vita, nayo ikayaondoa kwenye la kuchezea. Si kila mtengeneza vya kuchezea angejali kiasi hicho!

Ukiona nyufa nyembamba kwenye bodi ya zinki ya garimoshi hili, halikuangushwa. Zinki ya miaka ile, ikichanganyika na risasi kidogo tu, huvimba na kupasuka yenyewe.

Injini halisi, iliyobeba jina la mhandisi aliyeibuni, ilifikia kilomita 180 kwa saa mwaka 1959, na imehifadhiwa Uingereza hadi leo.