Ritifaa Katika Kanzidata: Habari za Zamani za PHP

Mnamo mwaka 1994 Rasmus Lerdorf, mzaliwa wa Greenland, aliunda kwa lugha ya C programu chache ambazo muradi wake haukuwa mkubwa: alitaka kujua ni nani waliokuwa wakiusoma wasifu wake katika intaneti. Juni 8, 1995 alizitoa hadharani, bure kwa kila aliyezitaka, kwa jina la Personal Home Page Tools, wala hakukusudia kuasisi lugha ya kompyuta. Nayatanguliza haya kwa kuwa matatizo mengi yanayomkabili mwanafunzi anapoiunganisha PHP na kanzidata, ambayo aghalabu hudhani yametokana na uzito wa akili yake mwenyewe, ni urithi wa nia ile njema ya mwanzo, yaani kumrahisishia kazi mtu asiye fundi.

Mwaka uo huo wa 1995 Michael Widenius, David Axmark na Allan Larsson waliasisi huko Sweden kanzidata ya MySQL, iliyopewa jina la My, binti wa Widenius. Miaka miwili baadaye Zeev Suraski na Andi Gutmans, wanafunzi wa chuo cha Technion mjini Haifa, waliuandika upya moyo wa lugha ya Lerdorf, na PHP 3 ikatoka Juni 1998. Tangu hapo PHP na MySQL zikaandamana, na maelfu ya watu wasiopata kuingia darasa la kompyuta wakaweza kujenga tovuti zenye kumbukumbu.

Urahisi huo ulikuwa na gharama. Katika enzi zile kila thamani iliyoandikwa kwenye fomu, au hata kwenye anwani ya ukurasa, iligeuka yenyewe kuwa kigeu ndani ya programu, hata mgeni mwenye hila aliweza kuongeza katika anwani kigeu asichopewa idhini nacho, na programu iliyoandikwa bila hadhari ikamsadiki kuwa ndiye msimamizi. PHP 4.2.0 ya Aprili 2002 iliuzima mtindo huo, nami naona ilifanya haki. Lakini vitabu vilivyokwisha kuchapishwa viliendelea kuufundisha, na mwanafunzi aliyenakili mifano yake herufi kwa herufi alikuta vigeu vyote vitupu, pasipo mtu wa kumwambia kwamba sasa thamani huombwa waziwazi kutoka $_POST au $_GET.

Hata hivyo, hapana hitilafu iliyowasumbua wanafunzi kuliko ile ya ritifaa, yaani alama ya ('). Lugha ya SQL, iliyozaliwa katika maabara za IBM miaka ya 1970, huizungushia thamani ya maandishi alama hiyo kuonyesha mwanzo wake na mwisho wake. Na mwanafunzi, kwa kufuata njia iliyo fupi, huiunganisha amri yake na jina lililoletwa na fomu yakawa mfuatano mmoja wa herufi. Likija jina la Juma, mambo hutengenea. Likija la Ng'ang'a au Ng'wandu, kanzidata huihesabu ritifaa ya kwanza kuwa ndiyo mwisho wa jina, ikazisoma herufi zifuatazo kama amri isiyoifahamu, na mwenye jina akakataliwa kuandikishwa. Waayalandi wenye majina ya mtindo wa O'Brien walipatwa na taabu iyo hiyo, lakini huku kwetu, ambako sauti ya ng' imo katika majina ya watu wengi na vijiji vingi, kasoro hii ilikuwa dhuluma hasa.

Tena palipopita jina kwa bahati mbaya, adui alipita kwa kusudi. Desemba 25, 1998, mtafiti aliyejiita Rain Forest Puppy alieleza katika jarida la Phrack, akizungumzia seva za Microsoft, jinsi mgeni awezavyo kuifunga thamani kwa ritifaa yake mwenyewe kisha akaandika amri azitakazo, na kanzidata ikazitii. Watengenezaji wa PHP walikuwa wameweka kinga ya kutia mkwaju wa nyuma kabla ya kila ritifaa iingiayo, lakini ilikuwa kinga ya kubahatisha: haikutofautisha kilichokwenda kanzidatani na kilichokwenda kwenye ukurasa, na majina yakaonekana mbele ya wasomaji yakiwa na mikwaju isiyo na maana, iliyozidi kila yalipohifadhiwa upya. Iliondolewa kabisa katika PHP 5.4, mwaka 2012.

Tiba ya kweli ni kuitenga amri na thamani. PHP 5 ya mwaka 2004 ilileta njia mpya ya kuzungumza na kanzidata, mysqli, na toleo la 5.1, mwaka uliofuata, likaleta nyingine, PDO. Kwa njia hizo amri hutangulizwa ikiwa kama hati iliyokwisha kutiwa muhuri, yenye nafasi zilizoachwa wazi, na thamani hufuata baadaye, isiweze tena kuligeuza hata neno moja la hati hiyo. Kosa la wakubwa wa lugha, kwa maoni yangu, ni kuchelewa: mysql_query na jamaa zake, zile njia za zamani za kuipelekea MySQL amri, hazikuondolewa mpaka PHP 7 ya Desemba 2015, na kwa muda wote huo mafunzo ya zamani yaliendelea kuzaa programu zenye udhaifu ule ule. Mwanafunzi anayeambiwa leo na seva kwamba mysql_query haipo asitafute namna ya kuirejesha. Na ajihadhari pia na jambo moja ambalo PDO hailitibu: jina la jedwali au la safu halikubali kutiwa katika nafasi zile, na likilazimika kutoka kwa msomaji, halina budi kulinganishwa kwanza na orodha ya majina ambayo mwandishi wa programu ameyaruhusu mwenyewe.