Kadi ya Wifi na Mabwana Wake Wanne

Kadi ya wifi ya kompyuta mpakato ni redio ndogo ya kutuma na kupokea. Kifuniko cha chini kikifunguliwa huonekana kibao chembamba chenye nyaya mbili, kwa kawaida moja nyeusi na moja nyeupe, zinazopita kwenye bawaba hadi kwenye fremu ya kioo, ambako antena zimefichwa. Redio hiyo haielewani na Windows wala Linux mpaka iwekewe draiva, programu inayoijua chipu husika na kuipa amri kwa niaba ya mfumo. Tangu mwanzo chipu ilitengenezwa na kampuni moja, kompyuta na kampuni nyingine, mfumo na ya tatu, huku serikali ya kila nchi ikiamua redio irushe katika masafa gani. Hitilafu nyingi zinazofika mezani kwa fundi leo zilizaliwa kwenye mipaka ya mabwana hao wanne, na karibu kila moja ina mwaka wake wa kuzaliwa.

Kompyuta zilianza kuwasiliana kwa redio zamani. Mwaka 1971 Chuo Kikuu cha Hawaii, chini ya Norman Abramson, kilianza kuendesha ALOHAnet, mtandao uliounganisha visiwa kwa mawimbi. Kila kituo kilirusha ujumbe wake kilipotaka. Jumbe mbili zikigongana, kila kituo kilisubiri muda wa kubahatisha kisha kikarudia. Wifi bado ina damu ya utaratibu huo, ndiyo maana katika ukumbi uliojaa watu mtandao huenda kwa kusuasua hata kama ishara imejaa. Kilichofungua soko, hata hivyo, ni uamuzi wa serikali. Mwaka 1985 FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, iliruhusu vifaa vya mawasiliano kutumia bila leseni masafa yaliyotengwa kwa viwanda, sayansi na tiba, yakiwemo yale ya gigahezi 2.4 ambayo tayari yalikuwa ya tanuri za maikrowevu. Masafa ya bure yalipokelewa pamoja na kelele zake.

Walioyachangamkia mapema walikuwa watengenezaji wa mashine za kulipia madukani. Kampuni ya NCR, katika ofisi zake za Nieuwegein nchini Uholanzi, ilitaka maduka yaweze kuhamisha mashine hizo bila kufumua nyaya upya, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikatoa kadi iliyoitwa WaveLAN. Ilifanya kazi, lakini kadi za kampuni moja hazikuelewana na za nyingine. Kamati ya IEEE 802.11, iliyoongozwa kwa miaka kumi na Vic Hayes wa NCR, ilianza kazi mwaka 1990 na kupitisha kiwango cha kwanza mwaka 1997, chenye kasi ya megabiti 1 hadi 2 kwa sekunde. Mwaka 1999 kikaja 802.11b cha megabiti 11, na mwaka huohuo jina Wi-Fi likaanza kutumika sokoni.

Kiwango hicho kilipanga namna redio mbili zitakavyozungumza. Namna redio itakavyozungumza na kompyuta iliyoibeba hakikuigusa. Jambo hilo lilikuwa chini ya makubaliano mengine kabisa, NDIS, yaliyobuniwa na Microsoft na 3Com miaka ya 1980 kwa ajili ya kadi za waya. Draiva za kwanza za wifi kwenye Windows kwa hiyo zilijifanya kadi za waya. Mfumo haukujua kwamba kuna majina ya mitandao ya kuchagua, nenosiri la kuingiza wala nguvu ya ishara ya kupima, kwa sababu waya hauna hayo. Kila mtengenezaji alilazimika kuambatisha programu yake ya kuchagulia mtandao, yenye kinembo chake pembeni mwa saa.

Mwaka 2001 Windows XP ilileta msimamizi wake yenyewe, huduma iliyoitwa Wireless Zero Configuration. Programu za watengenezaji hazikuondoka. Zote mbili ziliamka kompyuta ilipowashwa na kila moja ikaiamrisha kadi kivyake. Mtandao ulishika kwa dakika moja, ukakata, ukashika tena. Mafundi wa wakati huo walijifunza kuangalia kwanza kisanduku kimoja cha tiki katika mipangilio ya kadi, kilichoamua iwapo Windows ndiyo itakayosimamia. Tiba ilikuwa kuchagua msimamizi mmoja na kumzima mwingine, na tiba hiyo bado inafaa kwenye mashine zinazouzwa zikiwa zimejazwa programu za ziada za mtengenezaji.

Apple ilikwepa sehemu kubwa ya mvutano huu kwa kuwa ilimiliki kompyuta na mfumo kwa pamoja. Julai 1999, jijini New York, Steve Jobs aliitambulisha iBook akaipitisha katikati ya pete kubwa ya kuchezea kiunoni kuwaonyesha watazamaji kwamba hakuna waya. Redio yenyewe ilitoka Lucent, kampuni iliyorithi kazi ya Nieuwegein baada ya NCR kununuliwa na AT&T na AT&T kugawanyika.

Upande wa pili hali ilikuwa ya vurugu zaidi. Wenye kompyuta za Windows walinunua kadi za PCMCIA zilizochomekwa ubavuni, na nyingi ziliuzwa na onyo kwamba CD iwekwe kwanza na kadi ichomekwe baadaye. Aliyekiuka agizo hilo mara nyingi aliona mfumo ukiisajili kadi kama kifaa kisichojulikana, kisha ukakataa kubadili mawazo. Mbaya zaidi, jina la kwenye boksi halikusema ukweli wote. D-Link iliuza DWL-650 yenye chipu ya ukoo wa Prism, na DWL-650+ yenye chipu ya Texas Instruments. Alama moja ya kujumlisha ilitenganisha vifaa viwili visivyoshirikiana draiva. Linksys WPC11 ilibadilishwa chipu kutoka toleo moja hadi jingine huku jina likibaki lilelile.

Hapo ndipo mafundi walipoacha kuliamini boksi wakaanza kusoma namba. Kila kadi inayopita kwenye njia ya PCI hujitambulisha kwa jozi ya namba, moja ya mtengenezaji wa chipu na moja ya chipu yenyewe, na Windows huzionyesha kwenye orodha ya vifaa hata pale isipojua kifaa ni nini. Namba ya mtengenezaji ikiwa 8086, chipu ni ya Intel. 14E4 ni Broadcom, 168C ni Atheros, 10EC ni Realtek. Mwenye namba hizo mbili hupata draiva sahihi, na asiyekuwa nazo hupakua mafaili kwa kubahatisha.

Machi 2003 Intel ilizindua Centrino. Ili kompyuta ibandikwe stika yenye jina hilo ilipaswa kuwa na prosesa, chipu saidizi na kadi ya wifi vyote vya Intel, na baada ya hapo wifi ikawa kitu cha ndani ya mashine. Redio isiyoonekana ilihitaji swichi, hasa kwa ajili ya safari za ndege. Watengenezaji wengine waliiweka ubavuni, wengine juu ya kibodi, wengine wakaificha kwenye mchanganyiko wa vitufe vya Fn na F2, F5 au F12 kila mmoja apendavyo. Swichi ya ubavuni ikiguswa na begi, hakuna draiva itakayoiwasha redio hiyo. Kusema kweli, huenda hakuna kosa la wifi lililowaaibisha watu wengi kuliko hili.

Usalama nao ulizaa kosa lake. Mwaka 2001 Fluhrer, Mantin na Shamir walionyesha udhaifu mkubwa katika WEP, ulinzi wa awali wa wifi. WPA ikaletwa mwaka 2003, kisha WPA2 mwaka 2004. Ruta zilibadilishwa haraka, draiva hazikubadilishwa. Matokeo yake ni dalili ambayo hadi leo huwachanganya wengi: jina la mtandao linaonekana, nenosiri ni sahihi, kompyuta inakataa. Dalili hiyo ilijirudia WPA3 ilipotangazwa mwaka 2018, na wanaoiona zaidi ni wenye kadi za zamani.

Watumiaji wa Linux walipambana na jambo zito zaidi, yaani kampuni zisizotaka kueleza chipu zao hufanyaje kazi. Broadcom ilikuwa kwenye kompyuta nyingi na haikutoa draiva wala maelezo. Watu wakaanza kwa ujanja: ndiswrapper, programu iliyoihadaa draiva ya Windows iamini iko nyumbani ilhali inaendeshwa ndani ya Linux. Kisha njia nyingine ikafunguka mahali pasipotarajiwa. Ruta ya Linksys WRT54G, iliyoingia sokoni mwishoni mwa 2002, iligunduliwa mwaka uliofuata kuwa inaendeshwa kwa Linux, na leseni ya Linux iliilazimisha kampuni kutoa msimbo chanzo. Sehemu ya redio, ya Broadcom, ilitolewa ikiwa imefungwa. Kundi moja la wajuzi likaichambua sehemu hiyo amri kwa amri na kuandika maelezo ya tabia ya chipu. Kundi la pili, lisiloruhusiwa kuugusa msimbo wa Broadcom, likatumia maelezo hayo kuandika draiva mpya. Mgawanyo huo uliwakinga dhidi ya shutuma za kunakili. Draiva hiyo iliingia rasmi kwenye Linux mwezi Juni 2006.

Hata hivyo haikutosha. Chipu ilihitaji pia programu yake ya ndani, na hiyo ilikuwa mali ya Broadcom, haikuruhusiwa kusambazwa. Mtumiaji alitakiwa kuikata mwenyewe kutoka kwenye draiva ya Windows kwa kifaa maalumu ambacho, bila shaka, kilipaswa kupakuliwa kutoka intaneti. Atheros ilitoa draiva huria mwaka 2008, na Broadcom ikafuata Septemba 2010. Sababu iliyotajwa mara kwa mara kutetea usiri ilikuwa sheria: redio inayotawaliwa na programu inaweza kuamriwa irushe kwenye masafa yaliyokatazwa, na kampuni ziliogopa kulaumiwa. Hoja hiyohiyo ilitumika kutetea orodha za kadi zilizoruhusiwa, zilizowekwa ndani ya BIOS, programu inayoiamsha kompyuta kabla ya mfumo. Kwa miaka mingi kompyuta mpakato ya ThinkPad iliyowekewa kadi isiyo kwenye orodha yake ilisimama mwanzoni kabisa ikionyesha kosa namba 1802, na haikuendelea mpaka kadi ing'olewe.

Mkono wa sheria huonekana pia pale ambapo mtu hautarajii. Marekani kadi hutumia kwa kawaida chaneli ya 1 hadi ya 11 katika gigahezi 2.4, ilhali Ulaya, Kenya na Tanzania huruhusu hadi ya 13. Kompyuta iliyotengenezwa kwa soko la Marekani ikifika Nairobi au Dar es Salaam hufanya kazi vizuri mpaka ruta ya nyumbani ijichagulie chaneli ya 12 au 13. Hapo jina la mtandao hutoweka kwenye kompyuta hiyo pekee, huku simu zote za nyumbani zikiuona. Kubadilisha draiva kwa kawaida hakusaidii. Ruta irudishwe kwenye chaneli ya 1, 6 au 11.

Afrika Mashariki ilizipokea hitilafu hizi kwa mpangilio wake. Kabla kebo ya SEACOM haijaanza kazi Julai 2009 intaneti ilitegemea sana setilaiti, na kompyuta za mikahawa ya intaneti kwa kawaida ziliunganishwa kwa waya. Wengi waliingia mtandaoni kwa modemu za USB za kampuni za simu, na modemu hizo zilikuwa na suluhisho la busara: zikichomekwa zilijitambulisha kwanza kama CD yenye draiva ndani yake, na draiva ikishawekwa zikageuka kuwa modemu. Wakati huohuo kompyuta za mtumba zilikuja nyingi zikiwa zimefutwa, fundi akiziwekea Windows 7 kutoka kwenye flashi. Mfumo wa mwaka 2009 haukuwa na draiva za kadi zilizotengenezwa baadaye, kwa hiyo alama ya mshangao ya njano ikawa kitu cha kawaida kwenye orodha ya vifaa. Fundi mwenye akili alitembea na diski ya nje iliyojaa draiva za kila aina. Tangu Android 2.2 ya mwaka 2010, simu iliyochomekwa kwa kebo ya USB na kuwashiwa huduma ya kugawa intaneti imekuwa ikitosha kumvusha.

Windows 10, iliyotoka Julai 2015, ilizidisha tabia ya kujitafutia draiva kutoka seva za Microsoft. Malalamiko ya draiva kukosekana yalipungua. Yakaongezeka ya draiva nzuri kubadilishwa usiku na nyingine isiyofaa, na kitufe cha kurudisha draiva ya awali kikapata kazi. Kabla ya hapo, mwaka 2012, Windows 8 ilikuwa imeleta uwashaji wa haraka: kompyuta inapozimwa huhifadhi kiini cha mfumo pamoja na hali ya draiva, na kukirejesha kama kilivyokuwa. Ndiyo sababu kuzima na kuwasha huenda kusitibu kadi iliyokwama, ilhali kuchagua kuanzisha upya huitibu, kwa kuwa njia hiyo hupakia draiva kuanzia mwanzo. Kuokoa umeme kuna kosa lake pia: mfumo huruhusiwa kuizima kadi inapokaa kimya, na kadi nyingine huchelewa kuamka au haziamki kabisa, mtandao ukawa unakatakata kila baada ya muda.

Kadi yenyewe nayo imeanza kugawanyika. Kuanzia mwaka 2017 Intel ilihamishia sehemu ya kazi ya wifi ndani ya prosesa na chipu zake, na kibao kilichobaki kikawa nusu ya redio. Kadi ya Intel 9560 na ya 9260 hufanana kwa umbo na zote huingia kwenye nafasi ya M.2, lakini 9260 hujitegemea, na 9560 haifanyi kazi kwenye mashine ya AMD wala ya Intel isiyoandaliwa kwa ajili yake. Ndivyo ilivyo kwa AX200, inayojitegemea, na AX201, isiyojitegemea. Kwenye kompyuta nyingi nyembamba kadi imechomelewa kabisa kwenye ubao mkuu, na ikifa kinachobaki ni adapta ndogo ya USB. Nyingi kati ya hizo, zikichomekwa mara ya kwanza, hujitambulisha kama CD.