Vyama vya Kufa na Kuzikana katika Historia ya Dar es Salaam

Msaada wa dharura unaoendeshwa kwa ada, viongozi waliochaguliwa na daftari la wanachama una mizizi mirefu mjini Dar es Salaam, na sehemu kubwa ya mizizi hiyo imeshika katika shughuli ya maziko. Mji huu, uliokuwa makao makuu ya koloni la Wajerumani tangu 1891 na ambao ujenzi wa Reli ya Kati kuelekea bara ulianzia hapo mwaka 1905, ulivuta vibarua, wapagazi na askari waliotoka mbali na kwao. Kijijini marehemu alizikwa na ukoo, lakini kibarua aliyefia kwenye chumba cha kupanga hakuwa na mjomba wa kumchimbia kaburi wala shangazi wa kusimamia matanga, yaani siku ambazo jamaa na majirani hukaa pamoja na wafiwa. Na hata sanda, kitambaa cheupe cha kumvika maiti, iliweza kuwazidi uwezo wenzake wachache wa chumbani. Kuzikwa bila watu ilikuwa aibu iliyoogopwa kuliko njaa, na hofu hiyo ndiyo iliyowafanya wageni wasiojuana kuanza kuchangiana.

Hawakuanza bila mfano. Utani, uhusiano wa mzaha na wajibu baina ya makabila, ambao kwa sehemu ulienea katika njia za misafara ya karne ya 19, ulikuwa umekwisha kuwapa wasafiri namna ya kupata ndugu ugenini, kwa kuwa mtani aliwajibika kumpokea mtani mwenzake na, alipofariki, kusaidia kumzika. Kazi nzito za msibani, kama kuchimba kaburi, mara nyingi zilimwangukia yeye, na ndiye pekee aliyeruhusiwa kufanya mzaha mbele ya wafiwa, kisha akadai ujira wake bila mtu kukasirika. Hata hivyo, utani haukuwa na mfuko wa fedha, nao ulimfaa tu yule ambaye kabila lake lilikuwa na watani mahali alipokuwa.

Upungufu huo ulizibwa kwa sehemu na beni, ngoma ya gwaride iliyochipuka katika miji ya pwani ya Kenya katika miaka ya 1890 kwa kuiga bendi za kijeshi za Wazungu, ikafika Tanganyika na kugawanyika katika vyama viwili vikubwa vilivyoshindana, Marini na Arinoti. Terence Ranger, katika kitabu chake cha 1975 kuhusu ngoma na jamii katika Afrika Mashariki, alionyesha kwamba nyuma ya sare, vyeo na tarumbeta kulikuwa na mtandao wa kusaidiana. Marini ilivutia zaidi watu wenye hadhi ya kipwani, na Arinoti ikawakusanya wengi waliotoka bara; lakini katika vyote viwili mwanachama alilipa michango, akatazamwa alipougua, akazikwa kwa heshima, na alipohamia mji mwingine akapokelewa na tawi la huko. Vita Vikuu vya Kwanza, vilivyowahamisha askari na wapagazi wengi mno kutoka makwao, viliisambaza beni hadi Nyasaland na Kongo. Watawala wa Kiingereza, waliowafuata Wajerumani, waliviangalia vyeo vya beni kwa shaka, wakihofia siasa. Ni kweli kwamba fedha nyingi ziliteketea katika karamu za mashindano, lakini kuihesabu beni kuwa burudani tu ni kuwanyima wapagazi wale sifa ya kujenga bima yao wenyewe katika nchi ambayo serikali haikuwapa yoyote.

Kadiri mji ulivyokua, ukifikia takriban watu 69,000 mwaka 1948 na zaidi ya 128,000 mwaka 1957, nafasi ya beni ilichukuliwa na vyama vya kikabila, kikiwemo Wazaramo Union. Vyama hivyo vilikusanya kiingilio na ada kwa ajili ya maziko, nauli ya mgonjwa kurudi kwao na posho ya aliyekosa kazi. J. A. K. Leslie, aliyeuchunguza mji huo katika miaka ya 1950, aliviona vingi vikiwa dhaifu wakati wa kawaida na hai siku ya msiba. Udhaifu huo haupaswi kushangaza, kwa maana mtu anayelipwa kwa siku hutoa senti yake pale tu anapoona jeneza.

Wanawake walikuwa na vikundi vyao vya ngoma, ambavyo wanachama wake walichangiana katika harusi, uzazi na misiba, na ambavyo wanahistoria walichelewa kuvitazama kwa makini. Bibi Titi Mohamed, mwimbaji mashuhuri wa kikundi cha Bomba, alipokabidhiwa tawi la wanawake la TANU, chama kilichodai uhuru, mwaka 1955, alizunguka kwa viongozi wa vikundi hivyo, na maelfu ya wanawake wakajiunga katika muda mfupi. Kila kikundi kilikuwa tayari na kiongozi anayesikilizwa, wajumbe wa kupeleka habari na mazoea ya kutoza mchango, mambo ambayo chama kipya cha siasa kingehitaji miaka kuyajenga.

Baada ya uhuru wa 1961, siasa ya umoja wa taifa iliviacha vyama vya kikabila bila nafasi, lakini hitaji lilibaki, likahamia mtaani, kazini, msikitini na kanisani. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 zimeweka taratibu za usajili, ya pili ikivigusa moja kwa moja vikundi vya kijamii vya kuweka na kukopa, ambavyo vingi vina mfuko wa jamii kwa ajili ya maradhi na misiba. Katiba za vikundi hivi hutaja kwa majina ya ujamaa ni nani atakayegharimiwa: mwanachama, mwenzi wake, watoto, wazazi, na katika baadhi ya vikundi wakwe. Asiyetajwa humo, au asiyemudu ada, hubaki nje ya mfuko, na maziko yake hutegemea kapu linalopitishwa kwa majirani.