Mbu Anayejipikia Sumu

Februari, Bariadi. Mkulima anapita kati ya mistari ya pamba, pampu mgongoni, akiwapulizia funza wa vitumba. Jioni ataoga, atakula ugali wake, kisha ataingia ndani ya chandarua. Mara nyingi dawa ya kwenye pampu na ile ya kwenye nyuzi za chandarua ni za ukoo mmoja: piretroidi, sumu zilizotengenezwa kwa kuiga ua la pareto. Wadudu waliozizoea nao wana silaha moja.

Silaha hiyo ilianza kama fumbo la maabara. Mwaka 1958 Martin Klingenberg aliripoti kitu chenye rangi ndani ya ini la panya, ambacho kikikutana na kaboni monoksidi hufyonza mwanga wa nanomita 450. Wajapani Tsuneo Omura na Ryo Sato wakakipa jina mwaka 1962: P-450, yaani rangi ya 450. Lilikuwa jina la muda tu. Halijaondoka hadi leo.

P450 ni ukoo wa vimeng'enya. Kila kimoja ni protini iliyojikunja kama ngumi, na ndani ya ngumi imefumbatwa hemu, ile ile inayoipa damu wekundu wake. Chembe ya madini ya chuma iliyo katikati ya hemu hunasa oksijeni na kuipasua: atomu moja hupachikwa kwenye sumu, ya pili huishia kuwa maji. Sumu iliyopachikwa oksijeni huwa nyepesi kuyeyuka majini, na mwili huitoa. Nasi tunavyo vimeng'enya hivi. Ndivyo vinavyochakata dawa nyingi tunazomeza.

Kwa funza wa vitumba mambo yalikwenda mbali zaidi. Mwaka 2012 watafiti walieleza kwamba huko Australia jeni mbili jirani za mdudu huyo ziliungana zikazaa moja mpya, CYP337B3, yenye uwezo wa kuivunja fenvalerati, mojawapo ya piretroidi. Mbu aina ya Anopheles funestus hakuhitaji jeni mpya: huzalisha P450 zake kwa wingi kupita kiasi.

Jibu la kwanza lilikuwa kukiziba kimeng'enya, kwa vyandarua vyenye piperonili butoksidi vilivyojaribiwa Muleba, Kagera. La pili lilikuwa la kijanja zaidi, na lilipimwa Misungwi, mkoani Mwanza. Sumu iitwayo klorofenapiri, iliyotiwa kwenye chandarua, inapoingia mwilini mwa mbu bado haijawa na makali. P450 ya mbu mwenyewe huinyofoa kipande, na kinachobaki huzikatia seli nishati. Matokeo ya mwaka 2022 yalionyesha kuwa, baada ya miezi 24, watoto 45.8 kati ya kila 100 walikuwa na malaria palipogawiwa vyandarua vya piretroidi pekee; penye vilivyoongezwa klorofenapiri, 25.6. Shirika la Afya Duniani likavipendekeza hivyo vya klorofenapiri mwaka 2023.

Klorofenapiri yenyewe asili yake ni shambani. Iliundwa kwa kuiga sumu ya bakteria, ikauzwa kwanza kama dawa ya kuua viwavi na utitiri.