Kichwa cha Treni Kisichofika Ngara

Uundaji wa mifano ya vichwa vya treni za mvuke, yaani mashine ndogo zinazofuata umbo la mashine halisi kwa kipimo kimoja kisichobadilika, na ambazo mnunuzi huzipata zikiwa vipande vipande ndani ya boksi ili aziunganishe na kuzipaka rangi mwenyewe, ni sanaa iliyokulia Ujerumani na Uingereza. Hata hivyo, historia yake inaihusu Afrika Mashariki kwa karibu kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa vichwa vya mvuke vizito na vyenye nguvu kuliko vyote vilivyowahi kutembea duniani juu ya reli ya upana wa mita moja vilikuwa vya reli za Afrika Mashariki. Bugarama, kata ya Wilaya ya Ngara iliyo jirani na mpaka wa Burundi, haikupata kuviona. Reli ya Kati ilipita mbali upande wa kusini, tawi la Mwanza likapita mbali upande wa mashariki, na mtu wa Ngara aliyetaka kupanda treni alilazimika kwanza kusafiri kwa barabara hadi Isaka, Tabora au Mwanza. Hali hiyo haikutokana na kusahauliwa, maana reli ya Ngara ilikwisha kupangwa, kupimwa na kutengewa fedha.

Baada ya njia iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 kufika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwezi Februari 1914, utawala wa Wajerumani uligeukia Ruanda na Urundi, nchi zenye watu wengi na ng'ombe wengi ambazo hazikuwa na njia rahisi ya kufikisha mazao yake pwani. Bunge la Ujerumani liliidhinisha ujenzi wa reli ya kilomita 481 kutoka Tabora hadi kona ya Mto Kagera, yaani pale karibu na maporomoko ya Rusumo ambapo mto huo, ukiisha kupokea maji ya Ruvubu, hugeuka kuelekea kaskazini, mahali ambapo leo ni mpaka wa Ngara na Rwanda. Kazi ilianza upande wa Tabora mwaka 1914, lakini vita vilipozuka mwezi Agosti mwaka huohuo ujenzi ulikwama, na Wabelgiji walipoiteka Tabora mwezi Septemba 1916 mpango mzima ukabaki kwenye ramani.

Wakati huo treni ndogo za kuchezea zilikuwa tayari bidhaa ya kawaida katika maduka ya Ulaya. Kampuni ya Märklin ya Ujerumani ilionyesha mjini Leipzig mwaka 1891 treni za bati zilizoendeshwa kwa springi, zikiwa na njia za upana uliopangwa kwa namba, na kwa hatua hiyo ndogo mnunuzi aliweza kuongeza behewa au kipande cha njia mwaka baada ya mwaka akiwa na hakika kwamba vyote vitaingiliana. Hornby ya Uingereza ilifuata mwaka 1920, kisha mwaka 1938 ikatoa treni ndogo zaidi za umeme kwa jina la Hornby Dublo. Zote hizo ziliuzwa zikiwa zimekwisha kuungwa na kupakwa rangi kiwandani. Seti za treni za plastiki za kuunga kwa gundi zilipata soko mwaka 1959, wakati Rosebud, kampuni iliyokuwa ikitengeneza wanasesere huko Raunds, Uingereza, ilipoanza kuuza vichwa vya treni vya Kitmaster. Biashara hiyo haikudumu, na mwaka 1962 kalibu zake zilinunuliwa na Airfix. Miongoni mwa seti za Kitmaster ilikuwamo Garratt ya kampuni ya reli ya LMS, mashine iliyotoka katika kiwanda kilekile cha Beyer Peacock, eneo la Gorton mjini Manchester, ambacho kiliiuzia Afrika Mashariki vichwa vyake vikubwa.

Garratt ni muundo uliopewa jina la mhandisi Mwingereza Herbert William Garratt, aliyepata hataza mwaka 1907. Katika muundo huo boila, yaani pipa la chuma ambamo maji huchemshwa kuwa mvuke, huning'inizwa kati ya fremu mbili zenye silinda na magurudumu yake, moja ikiwa chini ya tangi la maji la mbele na nyingine chini ya akiba ya fueli ya nyuma, na kila fremu hugeuka kwenye egemeo lake, hivyo mashine ndefu hupinda kwenye kona kali na uzito wake ukagawanyika juu ya ekseli nyingi. Reli za Kenya na Uganda zilianza kutumia Garratt mwaka 1926, na kilele cha aina hiyo kilikuwa daraja la 59, vichwa 34 vilivyojengwa mwaka 1955 na 1956, kila kimoja kikiwa na urefu wa karibu mita 32 na uzito wa takriban tani 250, vikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki na kupangiwa njia ya Mombasa na Nairobi.

Hapo ndipo hesabu ya kipimo inapoanza kumsumbua fundi. Kipimo kinachotumika zaidi duniani ni cha moja kwa 87, na kwa kipimo hicho kichwa cha daraja la 59 huwa na urefu wa sentimita 36 na nusu. Reli ya mita moja huwa na milimita 11.5, lakini njia inayopatikana madukani ni ya milimita 12, tofauti ambayo jicho haliioni. Waingereza ndio waliojitia katika taabu kubwa zaidi, kwa kuwa wao huunda vichwa kwa kipimo cha moja kwa 76 na kuviweka juu ya njia ya milimita 16.5, ambayo kwa kipimo hicho ni reli nyembamba kuliko reli halisi ya Uingereza kwa takriban sentimita 18, na wameizoea kasoro hiyo kwa miongo mingi bila aibu. Uzito nao haupungui kwa uwiano wa urefu bali kwa uwiano wa ujazo, kwa hiyo tani 250 hushuka hadi gramu 380 hivi, na mafundi wengi hulazimika kuficha vipande vya risasi ndani ya matangi ili magurudumu yashike reli.

Seti za vichwa kama hivyo, ambavyo viwanda vikubwa havioni faida ya kuvitengeneza, kwa kawaida huwa za metali. Sehemu nene humiminwa kwa mchanganyiko wa bati, risasi na antimoni unaoyeyuka kwa joto dogo, na sehemu nyembamba hukatwa kutoka katika karatasi ya shaba ya manjano kwa tindikali, ambayo hula metali kila mahali isipokuwa palipokingwa kwa picha ya kipande kinachotakiwa. Shaba huungwa kwa lehemu ya kawaida, lakini mchanganyiko ule mwingine huhitaji lehemu inayoyeyuka kwenye nyuzi 70 hivi za Selsiasi, vinginevyo kipande chenyewe humwagika mezani kama nta.

Rangi ndiyo inayotenganisha mchezo na historia. Mfano ulioungwa huoshwa mafuta yote, hupigwa praima nyembamba, kisha rangi yenyewe hupulizwa kwa tabaka kadhaa ili isizibe vichwa vya ribiti, na mwisho mistari ya mapambo huchorwa kwa kalamu ya chuma yenye ncha mbili. Daraja la 59 lilipakwa rangi ya damu ya mzee, likabandikwa kibao cha jina ubavuni, na namba zake zilianza na namba ya daraja, 5901 hadi 5934. Fundi hawezi kupaka rangi hiyo kabla ya kuamua anaunda mwaka gani, kwa sababu katika miaka ya baadaye vichwa hivyo viliwekewa bomba la moshi bapa lililobuniwa na mhandisi wa Austria Adolf Giesl-Gieslingen, na anayeweka bomba hilo kwenye mashine iliyotoka Gorton mwaka 1955 anakosea tarehe. Kosa baya zaidi, ingawa hufanywa kwa nia njema, ni kurundika makaa ya mawe nyuma ya kichwa, ilhali daraja la 59 lilichoma mafuta mazito. Kwa maana hiyo mfano mzuri ni waraka unaoweza kuhojiwa, na mara nyingine husema kweli kuliko picha za rangi zilizopauka.

Waraka huo unahitajika, kwa sababu mashine nyingi zilikatwakatwa na kuuzwa kama chuma chakavu baada ya dizeli kushika njia na baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977. Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, yanatunza viwili vya daraja la 59, Mount Gelai na Mount Shengena, ambavyo milima yake yote miwili iko Tanzania, pamoja na Nyaturu, kichwa cha daraja la 30 kilichopewa jina la watu wa Singida.

Watoto wa vijijini nao huunda vyombo, lakini huunda malori ya waya na mabua yenye magurudumu ya ndala chakavu, na kwa Ngara uchaguzi huo ni sahihi kihistoria. Lori ndilo lililobeba eneo hili: mwaka 1994, wakimbizi wapatao 250,000 walipovuka daraja la Rusumo kwa takriban siku moja na kupiga kambi Benaco, msaada uliokuja kwa treni ulikomea Isaka na kumalizia safari barabarani. Mipango ya reli ya Isaka hadi Kigali, yenye tawi la Burundi linaloachana na njia kuu Keza, wilayani Ngara, imejadiliwa kwa miaka mingi, na kwa kuwa reli mpya ya Tanzania, iliyoanza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, ni ya umeme na ina upana wa milimita 1,435, atakayeunda mfano wa treni hiyo ya Keza kwa kipimo cha moja kwa 87 atahitaji njia ya milimita 16.5, na anayetaka ile ya mvuke ya 1914 atabaki na milimita 12.